Bi Lini na Madaftari Mawili

Siku ya Ijumaa, tarehe 17 Agosti 1979, saa tatu asubuhi, kwenye ukumbi mwembamba unaotoka kitengo cha dharura kwenda chumba cha maiti, mwanafunzi wa udaktari wa miaka ishirini na moja, akiwa ameshika viatu vya mdogo wake mkononi, alimuuliza karani wa mapokezi, kisha muuguzi, kisha daktari wa zamu, swali moja lile lile: "Huyu si alikuwa hapa siku ishirini na mbili zilizopita? Nani alimuuliza kwa nini?" Karani akafunga daftari, muuguzi akatazama sakafu, daktari akasema pole, na swali likabaki limesimama pale ukumbini kama mgonjwa aliyekosa benchi.

Mwanafunzi huyo ndiye tunayemzika leo. Historia hii inaanzia hapo, wala si kwenye kuzaliwa, kwa sababu yeye mwenyewe aliianzisha hivyo kwa mkono wake akiwa kitandani, akaiandika yote hadi mwisho, akaacha pengo moja katika sentensi inayomhusu huyo mdogo wake, na pengo hilo limetugombanisha ndugu kwa siku tatu tangu alipofariki, nasi tutalifikia.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne, na baba yake, aliyekuwa mtunza stoo wa karakana hiyo, alimfundisha kusoma kwa mihuri ya tarehe iliyogongwa kwenye makasha ya vipuri. Tangu hapo, ukimletea jambo lolote, liwe harusi, liwe homa, liwe umbea, la kwanza aliuliza lini, ndiyo maana kazini walimwita Bi Lini, na nyumbani hata watoto wadogo walijua kwamba uongo usio na tarehe haupiti mlangoni kwake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965, akaendelea na sekondari mwaka 1972, na mwezi Septemba 1978 akaingia chuo cha udaktari, mtoto wa kwanza wa ukoo huu kuvaa koti jeupe. Kitinda mimba wao, aliyekuwa akijifunza useremala, alilivaa koti hilo siku ya kwanza lilipofika nyumbani, akaiga mwendo wa daktari mkuu, akawapima mapigo ya moyo majirani wote na kuwaambia wamebakiza miaka mia moja kila mmoja. Huyo ndiye mwenye viatu. Tarehe 26 Julai 1979 alifikishwa hospitali akiwa na majeraha, akafungwa bendeji, akaandikwa neno moja, ajali, akarudishwa nyumbani, na baada ya siku ishirini na mbili akafariki dunia akiwa na miaka kumi na tisa.

Na neno hilo moja ukoo ukalichukua, ukalitunza kama urithi. Kwa karibu miaka arobaini na mitano tumeambiwa ajali. Wazee mtuvumilie, lakini sisi tuliozaliwa baadaye tulijiuliza, kama ni ajali, mbona hakuna hata mmoja aliyewahi kutuambia ni kitu gani kilianguka, kilianguka wapi, na kwa nini mama yao hakutaka tena kumwona mtu akiiga mwendo wa mwingine?

Marehemu alihitimu Novemba 1983 na kuanza kazi katika kitengo cha dharura cha hospitali ile ile, Januari 1984. Hapa aliandika mwenyewe kosa lake na akaagiza lisiachwe. Tarehe 14 Mei 1985 aliletwa mwalimu wa shule, mwanamke wa makamo, aliyejidhuru, na dada yake aliyemleta akamshika daktari mkono na kumsihi aandike ajali, kwani askari wangemsubiri mwalimu kando ya kitanda, na shule ingemfukuza. Marehemu akamhurumia, akaandika ajali, akamruhusu kwenda nyumbani, na hakumuuliza kitu. Tarehe 16 Julai alipokwenda chumba cha maiti kutia sahihi fomu nyingine kabisa, akaona katika daftari la huko, kwenye safu ya aliyeleta mwili, jina la dada yule yule.

Alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba sasa anamjua yule karani aliyefunga daftari mwaka 1979, kwamba hakuwa katili, alikuwa na huruma, na kwamba huruma ya namna hiyo inaua ikiwa imenyamaza.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na mwalimu wa jiografia, mtu wa utani mwingi, aliyependa kulalamika mbele ya wageni kwamba yeye alioa mke mmoja lakini akaletewa madaftari mawili kuwa wake wenza, na kwamba wake wenza hao wanalala mezani huku yeye akifukuzwa na sahani yake. Walijaliwa binti mwaka 1989 na mtoto wa kiume mwaka 1992. Mume wake alitangulia mbele ya haki tarehe 3 Oktoba 2011.

Utani wake ulikuwa na msingi. Marehemu alisomea uchunguzi wa maiti, yaani kuchunguza mwili ili kujua chanzo cha kifo, akahitimu mwaka 1991, na akaanza kazi ambayo hakuna aliyemtuma: alichukua daftari la dharura na daftari la chumba cha maiti, vyumba viwili vinavyotenganishwa na hatua arobaini na mbili za ukumbi, ambavyo kwa miaka yote havikuwahi kusomana, akaanza kuvisomanisha. Wenzake walimcheka, wakamwambia haitawezekana, kwa sababu anayejidhuru akifika mapokezi hutaja jina la uongo. Naye alikuwa ameshajifunza kwa yule mwalimu wa mwaka 1985 jambo ambalo wao hawakulijua, kwamba mgonjwa huficha jina lake, lakini aliyembeba hutaja la kwake. Akafuata majina ya waliobeba. Safu ile ambayo makarani waliijaza kwa kutimiza wajibu tu, ya aliyemleta, ndiyo aliyoisoma mstari kwa mstari, miaka kumi na mitano ya madaftari, kwa penseli na kadi, hadi akawapata watu mia mbili na kumi na wawili waliojiua, na kati yao sabini na mmoja walikuwa wamepita mlango wa dharura ndani ya mwaka wao wa mwisho. Walioulizwa kwa nini walikuwa wanne.

Tulizikuta kadi hizo wiki hii, ndani ya makasha ya viatu, kila moja na tarehe mbili, ya kuja na ya kurudi. Tulikaa chini sakafuni, watu wazima, tukapokezana kadi moja moja kama watu waliopewa mtoto mchanga wamshike.

Mwaka 1993 aliwasilisha matokeo mbele ya kikao cha hospitali, wakampongeza kwa mwandiko mzuri, wakaenda kunywa chai. Akawasumbua miaka minne. Tarehe 3 Februari 1997 akapewa chumba cha ndoo na mafagio, mlango wa tatu kutoka mapokezi, akaweka viti viwili, na kukawa na kanuni mbili, kwamba kila anayeletwa amejidhuru ataulizwa kwa upole kabla hajaondoka, na kwamba siku ya saba atafuatwa alipo. Muuguzi mkuu alimwambia kwamba hapa ni dharura, si kikao cha usuluhishi wa ndoa, naye akamjibu kwamba hata yeye angependa kupunguziwa wageni kule mwisho wa ukumbi.

Miongoni mwenu yuko fundi saa mmoja, aliyeturuhusu kusema haya. Siku yake ya saba, marehemu alifika kwenye kibanda chake na saa ya mkononi, akaketi, fundi akaifungua, akaikagua, akaifunga, akamwambia, "Mama, saa hii haina ugonjwa." Marehemu akamjibu, "Najua. Nimekuja kukuona wewe." Fundi anasema alilia mpaka wateja wawili wakaondoka bila saa zao, na kwamba tangu siku hiyo, kwa miaka ishirini na sita, alimbadilishia mkanda wa saa hiyo kila mwaka, na ndiyo aliyonayo marehemu mkononi hata sasa.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza Februari 2022, akalazwa mara tano, na mara zote alimrekebisha daktari kijana tarehe kwenye faili. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na miaka sitini na sita. Dakika hizo arobaini tumeziandika kwa ajili yake.

Sasa lile pengo. Sentensi yake inasema, mdogo wangu alifariki kwa, kisha nafasi nyeupe. Walitokea waliotaka liandikwe neno lile lile la zamani, tukabishana mpaka sauti zikakauka, wengine wakasema hatutaaibisha kaburi kwa kaburi. Kaka yake mkubwa, mzee wetu aliyeketi mstari wa mbele, ndugu pekee aliyebaki kati ya wanne, alikaa siku mbili akitusikiliza. Jana alasiri, ndani ya kasha la kwanza, tukaikuta kadi ya kwanza. Tarehe 26 Julai 1979, na 17 Agosti 1979. Aliyemleta: jina la huyu mzee wetu. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni, na yeye ndiye aliyemwambia karani kwamba kijana ameanguka. Marehemu alilijua hilo tangu mwaka 1991, akala naye, akacheka naye, akamuuguza, miaka thelathini na mitatu, bila kumgusia. Chini ya jina aliandika kwa penseli: "Alimbeba njia nzima. Hakuna aliyemuuliza yeye pia."

Mzee aliisoma mara tatu. Kisha akaomba kalamu, akajaza pengo mwenyewe, akatukabidhi karatasi na kusema, "Someni nilivyoandika." Tunasoma: mdogo wangu alifariki kwa kujiua, na alikuwa anapendwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliotuletea viti na maji kabla hatujaomba, na wafanyakazi wenzake wa pande zote mbili za ukumbi ule. Pumzika, Bi Lini, tarehe zako zote zimekamilika.

Kwako unayesikiliza, tunaomba jambo moja. Kuna mtu umemkumbuka tulipokuwa tukisoma. Mfuate leo, muulize anaendeleaje, kisha nyamaza umsikilize. Na ukijikumbuka mwenyewe, mlango ni wa tatu kutoka mapokezi, viti bado viko viwili, tafadhali njoo.