Miti Kumi na Miwili ya Mwikwabe

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mwikwabe wa Nyarero, fundi matimba. Matimba ni ile miti inayozuia shimo la dhahabu lisiwaangukie watu. Mwikwabe aliisimika miaka kumi na tisa, chini kabisa ardhini. Kumi na tisa! Na kwenye shimo alilosimika yeye, hakufa mtu.

Alikuwa anagonga mwamba kwa nyundo, anatega sikio. Mwamba ukilia vizuri, watu wanaingia. Ukilia kama debe tupu, haingii mtu mpaka miti ije. Hata nyumbani aligonga kuta. Mkewe, Veronika, anacheka huku analia: "Nilikuwa namwambia, baba, hili ni jiko, siyo shimo."

Mwezi uliopita mwamba ulilia kama debe. Mwikwabe akamwomba mwenye shimo, bwana Thadeo, miti kumi na miwili. Kumi na miwili tu. Thadeo, mwanamume ambaye hajawahi kushuka hata ngazi tatu za shimo lake mwenyewe, akasema miti hakuna. Akaleta mganga na mbuzi! Mbuzi akachinjwa mdomoni mwa shimo, nyama akala Thadeo mwenyewe. Kisha akamgeukia Mwikwabe mbele ya watu: "Wewe umetahiriwa kweli?"

Mnatujua sisi Wakurya. Kwa neno hilo, la kumwita mtu mzima mtoto mwoga, mtu huchomoa panga. Mwikwabe alijibu, "Mwamba hauulizi nani ametahiriwa," akaketi.

Lakini Nelson, mchimbaji mwenzake, baba wa watoto wawili, aliona aibu. Akashuka. Mwikwabe akamfuata kumtoa. Nelson anasimulia: "Alinisukuma kwenye kamba, akasema, panda, mpumbavu wewe. Nikapanda. Nikasikia mwamba unaanguka nyuma yangu."

Msibani Thadeo alikuja na miwani nyeusi, akamwita marehemu shujaa. Shujaa! Ulimi hauna mfupa, na yeye hana haya. Alileta na mchango wake: miti mipya ya kusimamishia turubai.

Veronika alitoka ndani, akaigonga kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho. Kumi na miwili. Akamtazama Thadeo, akasema, "Kumbe ilikuwepo."

Pole sana, Veronika. Poleni wana Nyarero. Enyi wenye mashimo, kabla hamjamwita mtu mwoga, tangulieni nyinyi kushuka. Na wewe ndugu yangu unayeshuka kesho asubuhi, gonga kwanza.