Fikira Zilizokosa Miguu

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Pasikali Nduwayezu wa Makere, wilayani Kasulu. Alifundisha Biblia miaka kumi na tisa. Amekufa na kinyongo moyoni, na hatutakificha.

Pasikali aliishia darasa la nne. Kigiriki alifundishwa na Floribert, mkimbizi wa Kongo aliyekuwa kambini Nyarugusu, neno moja moja. Neno alilolipenda kuliko yote ni fronein.

"Ni kufikiri," aliwaambia wanafunzi wake, "na ni kumjali mtu. Havitengani. Paulo alipofungwa, Wafilipi hawakumfikiri wakiwa wamekaa. Walimtuma Epafrodito. Fikira zao zilikwenda kwa miguu."

Wakaitika amina.

Kisha Pasikali akapooza. Alilazwa wiki mbili, akarudishwa nyumbani. Nyumba yake iko hatua mia mbili tu kutoka kanisani. Jumapili moja, akiwa kitandani kwake, akasikia kipaza sauti: "Tumwombee mwalimu wetu Pasikali, aliyelazwa hospitalini."

Hospitalini! Alikuwa na miezi mitatu nyumbani.

Mkewe, Ndayikeza, akaenda kuwaambia. Katibu wa kanisa akamjibu, "Tunamkumbuka sana, mama. Yumo kwenye orodha."

Jumapili iliyofuata akaombewa tena, hospitalini vilevile. Miezi saba, wasikilizaji. Miezi saba, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyekanyaga pale.

Aliyekuja ni Zena, Mwislamu mwenye duka sokoni. Alisaidia kumgeuza, akamletea uji. Siku moja Pasikali akaanza kumweleza habari za fronein. Zena akamkatiza.

"Mwalimu, hilo neno lako linakunywa uji? Fungua kinywa."

Pasikali alicheka mpaka uji ukamwagikia shuka. Halafu akageukia ukutani. "Zena mwanangu," akasema, "wale niliwafundisha nini?"

Pasikali alifariki Jumanne iliyofuata, bado akiuliza.

Siku ya mazishi walijaa pale nyumbani kwake. Kwaya ilivaa sare. Katibu akasimama kusoma wasifu wa marehemu, akasema kanisa halikumsahau hata Jumapili moja. Ndayikeza akanyanyuka kwenye mkeka.

"Kaa chini, baba. Kumbe njia ya kuja kwangu mlikuwa mnaijua."

Katibu akakaa.

Mama Ndayikeza, pole sana. Zena, pole nawe, umefiwa. Nanyi wanafunzi wake, poleni, ila swali la mwalimu wenu mnalo ninyi.

Na wewe msikilizaji, kama yuko mgonjwa jirani yako unayesema unamfikiria, usingoje kipindi hiki kiishe. Zima redio, nenda.