Kikombe cha Mafuta Mbele ya Watu

Ndugu zangu, jina la Bwana lisifiwe, na amina hiyo itoke hata huko nyuma mlangoni! Pale mlangoni napafahamu. Nimekaa pale miaka mitatu, wala si kwa unyenyekevu kama mchungaji alivyodhani. Nilikaa pale ili tumbo likinishika niwahi chooni kabla hamjageuka kunitazama.

Mnanijua, mimi Baba Yohana, fundi wa mashine ya kukamua alizeti hapa Mtinko. Biashara zilipofunguliwa, miaka hii ya ruksa, Mzee Salumu alileta mashine yake kutoka Singida mjini akanikabidhi. Mnakumbuka wenyewe, tulizoea kupanga foleni ya mafuta, ghafla maduka yakajaa mafuta ya kila rangi kutoka ng'ambo. Na maneno yakaanza. Huyu anachanganya, yule anachanganya. Mtu analeta gunia lake la alizeti, halafu macho hayabanduki kwenye bomba, utadhani nimeshamwibia.

Basi nikaanzisha desturi yangu. Kila asubuhi mashine ikianza kutoa, nilikinga kikombe cha kwanza nikakinywa chote, mafuta mabichi yenye joto la mashine, mbele ya wateja. Hicho ndicho kilikuwa kiapo changu. Watu walipiga makofi! Mzee Salumu alicheka mpaka akatoa machozi, akasema, "Fundi, wewe ndiye mhuri wangu." Nikavimba kichwa. Ndugu zangu, sifa za watu zinalewesha!

Mwaka wa pili tumbo likaanza. Kuhara mara tano kwa siku, mara kumi, kisha damu. Nikaogopa, nikanyamaza. Nilimeza dawa za minyoo, nikachemsha mizizi. Mzee mmoja wa Unyambwa akaniambia utumbo umekauka, ulainishwe kwa mafuta. Haya, nani ana mafuta kunizidi mimi? Kikombe kimoja kikawa viwili. Nikakonda mpaka suruali nikaifunga kwa kamba ya katani.

Na mnajua miaka hii mtu akikonda watu wanasemaje. Ana ule ugonjwa. Siwalaumu, lakini niliona. Alizeti mlileta, mkono hamkunipa. Mlinisalimia mkiwa ng'ambo ya magunia.

Nyumbani nilihamia chumba cha stoo, nikalala juu ya magunia matupu. Mke wangu akaniuliza, "Baba Yohana, unaumwa nini? Niambie mimi." Nikasema uchovu. Akauliza tena, nikasema uchovu. Mara ya tatu nikamfokea mbele ya watoto, Mungu anisamehe! Juma lile lile akachukua watoto wote watatu akaenda kwa baba yake, Ikungi. Nilikuwa kwenye mashine, kikombe mkononi, nilipoambiwa basi limeshaondoka nao. Nikakinywa. Wateja walikuwa wanangoja.

Ndugu zangu, upweke nimeuonja! Nilisonga ugali wa watu watano kwa sababu sikujua kupima wa mtu mmoja, nikawamwagia kuku. Hakuna mtoto wa kuniambia shikamoo nikirudi. Niliimba tenzi peke yangu, nikifika kwenye kiitikio nasubiri, nani aitikie? Niliomba kila siku, lakini niliomba nisijulikane. Sikuomba nipone.

Bwana akajibu kwa njia yake. Asubuhi moja nilimaliza kikombe nikaanguka palepale kati ya magunia, na damu ikaonekana kwenye suruali, mbele ya wateja wote. Kila mtu alirudi nyuma. Nikiwa chini nikasema moyoni, Bwana, wameona, sina tena cha kuficha. Aliyeniinua ni Mzee Salumu, Mwislamu, na kanzu yake nyeupe! Alinibeba mwenyewe mpaka kwenye pikapu yake akanipeleka hospitali ya misheni. Mungu hutuma amtakaye!

Daktari alipima damu yangu. Ule ugonjwa sina. Akaingiza mpira wa kutazamia, akaona utumbo mpana umevimba na una vidonda. Akasema ni ugonjwa wa utumbo, hauambukizi, na chanzo chake hasa bado hakijulikani. Akanipa vidonge vikubwa vya njano. Kisha akaniuliza nakula nini. Nikamweleza habari za kikombe, tena kwa majivuno. Akaweka kalamu chini.

"Kila siku? Mabichi?"

"Kila siku, daktari. Mbele ya wateja."

Akanieleza taratibu. Mafuta ya alizeti kidogo kwenye mboga hayana neno. Ila ndani ya mafuta mna asidi za aina mbalimbali, na aina iliyojaa kwenye alizeti, ikizidi mno, wataalamu wanaishuku kwamba huenda inachochea uvimbe. Ya samaki wanadhani huenda inautuliza. "Sikuambii kikombe ndicho kilichokuletea ugonjwa," akasema, "hilo silijui. Nakuambia ukiache."

Nikakiacha. Nikameza vidonge, nikala dagaa, nikaomba safari hii nipone. Damu ikapungua, ikakoma! Vidonge nameza mpaka leo, na asiwepo mtu wa kuniambia ni upungufu wa imani. Wateja niliwaambia wazi kwamba nilikuwa mgonjwa wa tumbo, sinywi tena, anayetaka aonje mwenyewe. Wakaonja. Hakuna hata mmoja aliyehama.

Nikadhani yamekwisha. Nikatuma barua ya daktari Ikungi, kwa mkono wa dereva wa basi, mke wangu aone kwamba sikumletea kifo. Jibu likarudi kwa dereva huyo huyo: "Mwambie karatasi nimeisoma. Yeye mwenyewe hana mdomo?"

Ndugu zangu, nililia. Wateja mia nimewaambia ugonjwa wangu, na mwanamke aliyeniuliza mara tatu sijamwambia hata leo. Mavuno mawili yamepita.

Kwa hiyo nasimama kumshukuru Mungu kwa nusu aliyonitendea, na nusu iliyobaki ni yangu kuifanya. Alhamisi napanda basi kwenda Ikungi. Sijui kama atanifungulia. Niombeeni! Na wewe unayeumwa na umenyamaza, mtumaini Bwana, nenda hospitali, lakini kwanza rudi nyumbani ukamwambie mwenzio panapouma. Usingoje aanze kufungasha. Mimi natoa shukrani hizi mbele ya kanisa zima, na mtu niliyetaka azisikie kuliko wote hayumo humu.