Machine Iliwaka Yenyewe

Mukaribie, batoto bangu, mukaribie mupaka kwa kitanda, juu sauti yangu haifike tena fasi ya mbali na sina nguvu ya kusema neno moja mara mbili. Muyisa, toka pale kwa mulango, ikala chini sawa benzako. Marie-Jeanne, acha kunifunika funika, sisikie baridi. Na wewe Séphora, mutoto wa mudogo yangu Salomon, ikala hapa nikuone uso, juu maneno ya leo ni yako mbele ya kuwa ya bengine. Munganga aliniambia ukweli jana na nilimushukuru, juu mutu akijua siku zake zimebaki kidogo anaacha kuzunguka zunguka. Père, padri wetu, alisha kuja, akanipaka mafuta, nikaungama. Ile yenye niliungama nitabaambia ninyi pia, na hapana mutu kunikatiza mupaka nimalize, hata hasira ikimupanda.

Nianze na mali, juu ni kitu chepesi. Parcelle ya Bungulu, kule Beni, pamoja na nyumba yake, ni ya Marie-Jeanne, juu ni yeye alisimamia bafundi wakati barabara ilikuwa mubaya na sisi wengine tulikuwa tunatafuta tu sababu za kubaki. Shamba ya kahawa ya Lubero mutagawana sawasawa, na mutu asikuje kusema yeye ni mukubwa. Moulin, ile machine ya kusaga bunga yenye ilibasomesha ninyi wote, itakuwa ya Muyisa na Séphora, nusu kwa nusu, majina mbili kwa karatasi moja. Muyisa, najua ulifikiri itakuwa yako peke yako. Tulia, utasikia sababu.

Mais ile nyumba ya matofali nyuma ya moulin, yenye tunawekamo magunia, haiko yetu, na haijakuwa yetu hata siku moja. Ni ya Josaphat. Najua, Séphora, jina hilo halitajwe ndani ya nyumba hii. Miaka kumi na moja haukule samaki ya ziwa, juu Josaphat alikimbilia Kyavinyonge, kwa bavuvi, na ulisema hautameza kitu chenye kilipita kwa mikono ya mutu mwenye aliua baba yako. Ulikuwa na miaka tisa. Ulisukuma sahani, na mimi niliikala pale nikakuangalia, nikakula yangu yote mupaka mifupa.

Kama siyo mambo ya mwezi uliopita, pengine ningekufa na mudomo yangu imefungwa. Ariel, fundi wetu, alisimamisha machine akaze marteaux, zile nyundo za ndani zenye kusaga, akaweka kufuli yake kwa disjoncteur, ile swichi kubwa ya umeme, akatundika karatasi ya jina lake, kisha akaenda kukula na ufunguo ndani ya mufuko, vile nilimufundisha. Bamama balikuwa kwa mustari na mabeseni yabo ya mihogo, banapiga kelele, na wewe Muyisa, mwenye hauna subira ya kungojea hata chai ipoe, ukakamata musumeno ya chuma, ukakata kufuli ya mwenzako, ukawasha. Kwa bahati Ariel alikuwa anakula kweli. Ulikuja kunieleza huku unacheka, ukaniita Baba Kufuli sawa batu ba inje: « Papa Cadenas, dunia haitaanguka juu ya kufuli moja. » Mais kutoka ile siku chakula ilinishinda, juu niliona wazi kwamba nilibafundisha kufunga na sikubaambia hata mara moja kwa nini.

Kwa nini, ni hii. Munajua courant, umeme wa hapa Butembo, inaenda na kurudi vile inataka. Ndani ya coffret ya moteur, lile sanduku la nyaya kwa ukuta, kuko kitu kazi yake ni moja tu: courant ikikatika, kinaachilia, na courant ikirudi, kinangojea mutu mwenyewe akuje afinye bouton ndipo machine izunguke. Ni kitu cha kulinda batu. Mimi nilikuwa nimechoka kuinuka kila mara kwenda kufinya ile bouton, nilitaka courant ikirudi na machine iondoke palepale, donc jioni moja, bafanyakazi bote bamesha rudi kwabo, nikatiamo kipande cha waya, urefu wa kidole, nikadanganya kile kitu. Sikuambia mutu. Nilijiona mwerevu kushinda wenye kutengeneza ile machine.

Kesho yake ilikuwa siku ya ine ya juma. Courant ilienda tangu asubuhi, na tamis, ile sahani ya matundu yenye inachunga bunga, ilikuwa imepasuka. Ni mimi, na mudomo hii, nilimuambia Salomon: mudogo yangu, courant ilisha kwenda, tumia nafasi, ingia ubadilishe. Ni vile sisi wote tunafanya hapa, kwa moulin, kwa menuiserie ya mbao, kwa soudeur wa vyuma, courant ikikatika tunasema sasa hakuna hatari, na tunatia mikono. Salomon akaingiza mikono yake mupaka mabega. Josaphat, machiniste wetu, alikuwa amesimama karibu na coffret, anamupatia clé, zile spana. Na courant ikarudi. Munajua quartier, mutaa wetu, vile inafanya courant ikirudi, batoto banaruka, bamama banapiga vigelegele kutoka lupango mupaka lupango, ua kwa ua. Mimi pia, kwa mulango, niliinua mikono juu nikashangilia. Nilishangilia, Séphora. Mikono haijashuka bado, nikasikia machine inazunguka.

Munipatie maji. Kidogo tu. Aksanti.

Batu bakamubeba Salomon kukimbia naye hospitali, na mimi mukubwa wake, badala ya kukimbia pamoja nabo, nikabaki nyuma dakika mbili. Nikafungua coffret, nikakamata ile waya na koleo, nikaitoa, nikaitupa ndani ya choo. Salomon alikufa kwa njia na sikuwa pembeni yake. Kesho yake bakubwa ba quartier bakakuja na polisi kuchunguza. Bakakata courant, bakairudisha, machine ikanyamaza. Bakajaribu tena, ikanyamaza. Bakasema, donc haiwake yenyewe, kuko mutu alifinya bouton. Bote bakageuka bakamuangalia Josaphat. Josaphat akaapa kwa jina la mama yake kwamba hakugusa kitu. Kisha akaniangalia mimi, juu alijua hakuna mutu anaelewa ile machine kunishinda, na akangojea niseme neno moja. Niliangalia viatu vyangu.

Bakamufunga miezi munane. Bavijana bakavunja mulango yake, muke wake Maliro akafukuzwa kwa kisima na bamama wenye alikuwa anasali nabo pamoja. Josaphat alipotoka gerezani hakuuliza kitu, alibeba muke na batoto akaenda kule ziwani, akaanza kuuzisha samaki. Na mimi nikaweka magunia ndani ya nyumba yake, ili isibaki bure, ni vile nilisema.

Baada ya pale ndipo nilianza mambo ya kufuli. Bote bakanisifu. Benye moulin zingine bakakuja kujifunza kwangu, bakaniita Papa Cadenas, bakasema angalia muzee, kifo ya mudogo yake ilimufungua macho. Kila sifa ilikuwa inaniuma, na nilikuwa naipokea tu na kutabasamu. Mimi nilikuwa muongo, batoto bangu, mais zile kufuli haziko uongo, na sitaki muzitupe pamoja na mimi.

Sasa mushike sana, juu hapa nasema na nguvu yote yenye inabaki. Courant ikikatika, hapana mutu kugusa machine, juu mwenye kuikata iko mbali, na siku akiirudisha hatakuuliza kama uko na mukono ndani. Mutu akitaka kutengeneza, abaambie bote, asimamishe, ashushe disjoncteur na mukono yake, afunge na kufuli yake mwenyewe, ufunguo uende naye ndani ya mufuko. Bakiwa batatu ndani, kufuli ziwe tatu, na hapana ufunguo wa pili kutundikwa kwa musumari mahali. Na musisahau groupe, ile jenereta nilinunua Kasindi: courant iko na njia mbili za kuingia kwetu, na mutu mwenye kufunga njia ya muji akaacha ya groupe hajafunga kitu. Kisha atoe courroie, ule mukanda wa kuzungusha, na angojee gurudumu isimame kabisa, juu hata bila courant inabaki na mbio yake. Kisha afinye bouton, aone machine inakataa. Ikikubali, amushukuru Mungu na aanze upya kutafuta ni wapi alisahau. Kumaliza, muhesabiane, muitane majina, na kila mutu atoe kufuli yake yeye mwenyewe. Na kama Ariel alienda na ufunguo wake kwa ndoa ya dada yake, Muyisa, utapanda pikipiki umufuate mupaka kwa ndoa. Bamama bakilalamika, bawekee banc baikale.

Kesho asubuhi utamununulia Ariel kufuli mupya, na utamuomba radhi mbele ya bafanyakazi bote, bila kucheka. Ndiyo sababu nilikupatia nusu. Nusu ingine ni ya mutu mwenye, kila mara utataka kuharakisha, utamuona mbele yako na utakumbuka baba yake.

Marie-Jeanne, wewe uko mwalimu, unajua kusema mbele ya batu. Siku ya kunizika, mbele nyimbo hazijaanza, utasimama kwa kilio, mbele ya quartier yote, useme vile nilisema leo: ile waya, zile dakika mbili, vile machine iliwaka yenyewe na Josaphat hakugusa bouton. Mutu akisema unapaka marehemu matope, umujibu kwamba marehemu alijipaka yeye mwenyewe. Kisha mutaenda na karatasi, nilisha iandika na kutia saini, iko ndani ya Biblia ya mama yenu Bénite, mutaipeleka kwa polisi, kule baliandika jina la Josaphat, ili balifute. Magunia yatoke ndani ya nyumba yake kabla ya mimi kutoka ndani ya hii. Na moulin isizunguke hata siku moja mupaka byote hivi bifanyike. Musiniambie bateja bataenda. Baende.

Séphora, mutoto yangu. Nilikulea, nikakununulia kanzu ya komunio, nikakuita binti yangu, na byote hivyo nilikuwa nafanya na upendo na tena na woga, siwezi tena kutenganisha. Nilikuachia umuchukie mutu hana kosa miaka kumi na moja ili usinichukie mimi. Sikuombe unisamehe leo. Haraka ndiyo ilituletea haya yote. Nakuomba kitu kingine, na ni kigumu zaidi.

Nilituma batu Kyavinyonge. Josaphat amefika. Iko hapa kwa jirani yetu Mariette, ng'ambo ya lupango, anaikala barazani tangu saa tatu, amekataa hata chai. Anajua ninyi munasikia nini saa hii. Alisema hataingia kwangu, mimi ao mutu mwingine akimuita, haitoshe. Ataingia siku Séphora mwenyewe atakwenda kumuita kwa jina lake. Kama hauende, atapanda gari arudi, na hatakuwa na makosa, wala wewe.

Muyisa, usimushike mukono, muache aamue.

Mukaribie ninyi babili, nibabariki. Mungu abalinde, abapatie mikono mizima mupaka uzee, abapatie ujasiri wa kusema ukweli siku ileile, musingojee kitanda kama mimi. Kwa jina la Baba, na la Mwana... pumzi inakimbia. Nani anafungua mulango? Ni Séphora? Iko anaenda upande gani? Hapana, musiniambie, nitasikia.

Marie-Jeanne, mukono yangu inaanguka. Unisaidie, uishike juu hivi. Kuko mutoto mumoja sijamubariki bado, na mutu mumoja siko na haki ya kumubariki, mais nataka banikute mukono ingali juu. Uishike tu. Uishike.