Fundi Aliyeuliza Moshi Umehamia Wapi

Ndugu waombolezaji, baba yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Shaka kwa kuwa hata salamu aliichunguza kwanza kabla ya kuipokea, alizaliwa tarehe 9 Juni 1956 katika mji huu, nyumba ya pili kutoka stesheni, akiwa mtoto wa nne wa karani wa reli.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha chuo cha ufundi jijini, akahitimu mwaka 1974, na Januari iliyofuata akaajiriwa karakana ya mabasi ya jiji, ambako aliyatambua mabasi ya dizeli kwa kikohozi chake, mpaka kikohozi hicho kikahamia kifuani mwake. Tarehe 2 Agosti 1980 alifunga ndoa na mama yetu, muuguzi, wakajaliwa watoto wawili, mimi na dada yangu dereva.

Jiji lilipoleta mabasi ya umeme mwaka 2019, na dada akakabidhiwa moja, sote tulishangilia isipokuwa marehemu, aliyelala chali chini ya basi akitafuta bomba la moshi, akainuka na vumbi mgongoni, akasema hapandi ng'o mpaka aambiwe moshi umehamia wapi. Dada aliumia sana, maana alitamani kumwendesha baba yake walau mara moja, na kusema kweli hewa ya jijini ilikuwa imetakata.

Mwaka 2021 daktari alimshauri arudi huku apumzishe mapafu, na siku ya kwanza tu, pale stendi, akasikia kikohozi anachokijua: mabasi yake ya zamani yalikuwa yameuzwa huku, na nyuma ya stesheni mtambo mpya ulikuwa ukichoma mafuta mazito ili kupeleka umeme jijini. Alimpigia dada simu, bila kujigamba, akamwambia moshi ameuona, uko nyumbani kwao.

Tarehe 3 Februari mwaka huu hali ilibadilika, dada akaomba ruhusa kazini, akaja na basi lake kumpeleka hospitali ya jiji, naye, kwa mara ya kwanza, akapanda, akaketi nyuma ya kiti cha dereva, akakiri kwamba basi ni zuri, kisha akamsihi binti yake asiache kuuliza. Alifariki dunia tarehe 11, dada akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi wenzake, na uongozi wa mabasi uliotupatia basi lililomleta hapa leo, ambalo kabla ya kuondoka tulilichungulia chini kwa niaba yake.

Pumzika kwa amani, baba. Swali lako tumebaki nalo.