Fundi Mansuri Shamte na Pijo la Safari ya Ndagoni, 1970–2025

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi ni Maliki Shamte, mdogo wake marehemu. Karatasi mliyo nayo mkononi imechapwa Kilindoni asubuhi hii kwa haraka, na ina makosa mawili matatu. Atakayeyaona anyamaze nayo, maana bingwa wa kurudia vitu ndiye tunayemzika leo. Nitasoma kwa utaratibu unaotakiwa: kuzaliwa, kusoma, kazi, ndoa, maradhi na kufa. Ila nasema mapema kwamba katika maisha haya lilikuwamo jambo moja lililotukosesha raha miaka ishirini na minne. Marehemu aliahidi kumpeleka mkewe kwao Ndagoni kwa gari lake mwenyewe, na sisi wote tulikuwa tukihesabu siku, kama atawahi au hatawahi.

Marehemu Mansuri Shamte Marijani alizaliwa tarehe 14 Machi 1970 katika kisiwa cha Jibondo, mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Shamte Marijani, fundi wa vyombo, na Bi Hasina. Mama yetu alikuwa akisema mtoto huyu hata kunyonya alinyonya huku anaangalia mlango. Akiwa na miaka sita, siku maji yalipoletwa kwa mashua, alifungua koki ya pipa aone ndani yake mna nini. Kaya tatu zililala bila maji. Alichapwa, akalia, na huku bado analia akaifunga ile koki barabara kuliko ilivyokuwa.

Alisoma madrasa hapohapo Jibondo, akahitimu juzuu zake kwa sauti nzuri ambayo wengi wenu mnaikumbuka. Shule ya msingi aliianza mwaka 1978 na kuimaliza mwaka 1984. Mwalimu wake wa darasa la tano alimwandikia kwenye ripoti maneno manne tu: "Ana akili, lakini hakai." Baba aliisoma, akaikunja, akasema mwalimu huyo anastahili kupelekewa samaki.

Mwaka 1985 aliingia kazini chini ya baba. Alijifunza tezo ya kuchongea, akajifunza keekee ya kutobolea mbao, na zaidi ya yote akajifunza kukalafati, yaani kusokomeza pamba na mafuta ya papa katika nafasi za mbao ili maji yasipate pa kuingilia. Katika hilo hakuwa na mpinzani. Mwaka 1995 alihamia hapa Utende, akawa anatengeneza boti za hoteli na vyombo vya wavuvi. Ametengeneza mashua na ngalawa zisizopungua arobaini, na hakuna hata moja aliyoikabidhi kisha asiifuate ufukweni siku ya pili kuichokonoa. Wenye vyombo walikuwa wakiwahi kutweka wakimwona anakuja na mfuko wake wa zana.

Mwaka 1999, katika banda la zamani la shamba la minazi, aliliona Pijo 404 la mwaka 1967. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma. Mwenye banda alimwambia, "Liondoe, tupate pa kuweka mbata." Likavutwa kwa trekta mpaka uani kwake, na likawa hapo. Injini haikuwa na tatizo kubwa. Fundi mmoja wa Kilindoni aliifufua kwa miezi minne. Tatizo lilikuwa urembo wake: bampa zimeliwa na kutu, sho ya mbele, ule wavu ulio kati ya taa, imepasuka, vitasa havipo, na ile mikanda ya nikeli inayopita ubavuni haikubaki hata mmoja mzima. Tulimwambia aliendeshe hivyo hivyo. Akatujibu kwamba gari bila nikeli zake ni sawa na mtu aliyekwenda harusini na singlendi.

Ndoa yake na Bi Zuena Hemedi ilifungwa Ndagoni tarehe 18 Agosti 2001. Mnajua desturi: fungate ikiisha, bibi harusi hurudi kwao kusalimia, na mume humfikisha mwenyewe. Siku ya kukabidhiwa mke, mbele ya wazee, marehemu alisema maneno ambayo hakuna aliyemwomba kuyasema: "Fungate ikiisha nitamrudisha Zuena hapa kwa gari langu, linang'aa mpaka mtaona nyuso zenu." Mama mkwe wake, Bi Chiku, alipiga kigelegele. Fungate ikaisha, na gari liko vipandevipande juu ya mkeka. Zuena alikwenda kusalimia kwa baiskeli ya kuazima, nyuma yangu mimi. Marehemu akasema safari hiyo haihesabiki.

Basi ikawa hivyo. Kila Zuena alipokwenda kwao, iwe kwa pikipiki au kwa miguu, marehemu alisema haihesabiki. Bi Chiku naye alianza kwa utani. Alikuwa akimpokea binti yake mlangoni na kumwambia, "Wewe hujarudi fungate bado, mimi sikujui." Utani ule miaka ikauchachusha. Marehemu aliona haya, akaacha kabisa kuingia nyumba ya wakwe zake. Mwaka 2014 baba mkwe, Mzee Hemedi, alipofariki, marehemu alifika maziko, akachimba kaburi kwa mikono yake, kisha akakaa nje ya ua mpaka jioni. Watu walisema. Na mimi nilisema, tena mbele yake, na sijutii. Mkwe hasimami nje ya ua siku ya msiba kwa sababu ya bampa.

Nisimwonee. Gari liliwahi kumalizika, Machi mwaka 2006. Nikeli zilisuguliwa kwa majivu, ndimu na makumbi ya nazi mpaka kuku wakawa wanajidonoa humo. Palipokosekana ukanda alifua bati la sufuria. Ndiyo maana Idd ya mwaka ule Bi Zuena alipika pilau akitafuta mfuniko, akauona uko mlango wa nyuma wa gari, umenyooshwa. Safari ikapangwa baada ya masika. Lakini marehemu, katika ukaguzi wake wa mwisho, alikuta vitundu chini ya kila mlango. Fundi wa Jibondo akiona tundu chini ya chombo, hana mjadala. Aliviziba vyote, pamba na mafuta ya papa, kwa ufundi wake wote.

Masika ikanyesha miezi miwili. Mvua ikaingilia madirishani, ikashuka ndani ya milango, ikakosa pa kutokea. Ukitikisa mlango ulikuwa unasikia maji yanacheza. Dereva mmoja mgeni alikuja kuliangalia, akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee, vile vitundu ni vya maji kutokea!" Marehemu akamtazama kama mtu aliyetukana. "Maji yatokee chini? Chini ndiko yanakoingilia." Milango yote minne ilioza kutokea ndani, na vibanio vya mikanda vikadondoka kimoja kimoja. Alianza upya, na harufu ya papa haijaliacha gari lile mpaka leo.

Kuanzia hapo hakutulia tena. Alikuwa akila amesimama. Akiswali sunna, macho yake yakitoa salamu upande wa kulia yalikuwa yanaishia kwenye sho ya mbele; Mungu amsamehe, na mimi pia nisamehewe kwa kulitaja. Akifunga ukanda leo, kesho anaufungua, eti umekaa chini kwa unene wa ukucha. Watoto wake, Warda na Abeid, wamekulia uani pale wakijua majina ya misasa kabla ya herufi. Wakati huohuo Bi Chiku alianza kupoteza macho. Kila aliyetoka Ndagoni alileta habari hizo, na kila zilipoletwa marehemu aliharakisha, na kila alipoharakisha aliharibu kitu. Niliogopa. Niliogopa mmoja wao atatangulia, na sikudhani atakuwa huyu.

Februari mwaka huu marehemu alianza kuvimba tumbo na kukonda. Alipelekwa Dar es Salaam, akapimwa, ikaonekana ini limeharibika sana. Daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba ni suala la miezi. Alirudi Utende tarehe 3 Aprili, na kabla hajavua viatu aliomba msasa. Alifanya kazi amekaa, na aliposhindwa kukaa alifanya kazi amelala ubavu juu ya mkeka, bakuli la majivu kifuani. Kufikia Agosti ulibaki ukanda mmoja tu, wa mlango wa mbele kushoto. Aliufua mara tatu, na mara zote tatu bati lilimchanikia mkononi.

Asubuhi ya tarehe 23 Agosti nilikuwapo. Bi Zuena alitoka ndani amevaa nguo ya kutokea, akasimama mbele yake.

"Mansuri, twende Ndagoni."

"Bado ukanda mmoja, mama Warda."

"Upande gani?"

"Wako. Mlango wa kushoto, mbele."

"Basi nitashusha kioo, nitaning'iniza kanga yangu dirishani, itafunika. Washa gari."

Akanigeukia. "Shemeji, wewe sukuma." Nikasukuma, betri ilikuwa imekufa. Likawaka. Marehemu aliendesha mwenyewe, amefungwa mto mgongoni, mimi na Warda nyuma tumeziba pua. Lami ya kwenda Kilindoni tuliimaliza salama. Njia ya Ndagoni tulikwama mchangani mara nne, na mara nne vijana wa pikipiki walitukwamua huku wanapiga honi kama msafara wa harusi. Kanga ya Bi Zuena haikutoka dirishani hata mara moja. Aliishika kwa mikono miwili.

Bi Chiku alitolewa nje kwa kushikwa mkono. Marehemu alishuka akamwambia, "Shikamoo mama." Akajibu, "Marahaba." Alilishika gari. Akalipapasa kuanzia taa ya nyuma, taratibu, ukanda kwa ukanda, kitasa kwa kitasa, mpaka mlango wa mbele. Mkono ukaingia chini ya kanga, ukakuta bati tupu na vitundu vya vibanio.

"Hapa bado," alisema.

"Bado, mama," marehemu akajibu.

"Haya. Ingieni ndani, wali unapoa. Na wewe Zuena, pita. Umechelewa mwanangu, fungate ndefu hiyo."

Bi Zuena alilia mlangoni pale, nasi wote tulilia, na marehemu akaingia nyumba ya wakwe zake kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Alikula vijiko vitatu. Nikashukuru Mungu, nikasema moyoni, sasa mtu huyu atapumzika.

Siku ya pili yake nilikuja kumjulia hali, nikakuta bampa ya mbele imefunguliwa, sho imefunguliwa, na mikanda yote ya kushoto iko juu ya mkeka. Niliwaka. Nikamwambia, "Kaka, ahadi umetimiza. Umefika kwa mkweo. Unatafuta nini tena?" Hakuinua macho. Akasema, "Hiyo ilikuwa ya kwanza. Ya pili nataka mama akipapasa asikute tundu." Wakati huo daktari alikuwa amempa wiki chache tu. Na Bi Zuena, aliyelilalamikia gari lile miaka ishirini na minne, alikuwa amekaa upande wa pili wa mkeka, mikono imejaa majivu, anasugua kitasa.

Marehemu alifariki dunia jana, Jumamosi tarehe 6 Septemba 2025, saa kumi na moja jioni, nyumbani kwake hapa Utende, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Ameacha mjane, Bi Zuena. Watoto wawili, Warda na Abeid. Mama mkwe, Bi Chiku, ambaye yuko ndani. Na sisi wadogo zake na dada yake.

Wengi mmeniuliza tangu asubuhi kwa nini hatumbebi kwa Pijo lake. Nilimpelekea Bi Zuena swali hilo. Amesema halina bampa, na Mansuri hatoki nalo hivyo. Tutambeba mabegani. Mola ampokee, amsamehe, na ampe utulivu ambao hakuutaka kwetu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Wabebaji, mkitoka piteni kando ya ukuta, kwa mstari, polepole. Mjane anaomba sana msikanyage vile vipande vilivyo juu ya mkeka.