Mzee Pantaleo na Banda Lisiloganda

Ijumaa, tarehe 26 Februari 2016, Mzee Pantaleo Mutashobya atarudisha funguo za kituo chetu cha kuosha magari cha Lackawanna, baada ya kuitumikia kampuni hii kwa miaka ishirini na miezi kumi. Amefanya kazi katika vituo vyetu vyote vitatu, Louisville, Columbus na hapa Lackawanna, pembeni mwa Buffalo, na kila alipopita aliacha mabomba mazima.

Mzee Pantaleo ni mzaliwa wa Muleba, mkoani Kagera. Alifika Louisville, Marekani, akimfuata mkewe, Mama Angelika, aliyekuwa akisomea uuguzi. Aprili 1995 aliajiriwa kukausha magari kwa taulo katika kituo cha Jeffersontown. Baridi alikuwa haijui bado. Desemba ya mwaka ule alikuta utando wa barafu kwenye sakafu ya banda la kuoshea, akaumwagia ndoo mbili za maji ya moto ili auyeyushe. Baada ya dakika kumi maji yale nayo yaliganda, barafu ikaongezeka unene, na gari la mteja wa kwanza liliteleza likaingia kiubavu. Kisa hiki amemsimulia kila mfanyakazi mpya, na hucheka kabla hajafika mwisho.

Huku kwetu magari huoshwa zaidi wakati wa baridi, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula bati. Kwa hiyo banda lazima liwe na joto siku zilezile ambazo maji yanataka kuganda. Mwaka 2003 alihamishiwa Columbus, ambako banda jipya lilikuwa linajengwa, na huko ndiko alikojifunza kazi ya boila, mtambo wa kuchemsha maji yanayopasha sakafu joto. Alishinda na mafundi wiki nzima wakilaza mipira ya maji ya moto chini ya zege. Tangu hapo hajaonekana kazini bila kipimajoto katika mfuko wa shati. Wapo waliomtania kwamba hata kanisani hupima. Ni kweli, hupima.

Alihamia Lackawanna mwaka 2010, na hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo wafanyakazi wa vituo vingine wamelisikia nusunusu.

Ilikuwa Februari 2015, asubuhi ya nyuzi nane chini ya sifuri kwa kipimo cha huku cha Fahrenheit. Pampu inayozungusha maji ya boila ilikuwa imekufa. Waliowahi kufika walikuwa wawili: Ferdinandi, muoshaji, na Spés, mpokea wateja, ambaye ndiye anayeandika wasifu huu. Meneja wetu, Bwana Kayumba, aliagiza kwa simu watoe stoo hita mbili za gesi, waziwashe ndani ya banda na kufunga milango yote, joto lisitoke. Walifanya hivyo. Haikupita saa moja Ferdinandi akaanza kutapika. Spés aliumwa kichwa na miguu ikamlegea, akadhani ni mafua.

Mzee Pantaleo alichelewa kwa sababu ya theluji. Alipofungua mlango mdogo akaona vioo vimejaa ukungu na wenzake wameketi sakafuni, aliingia mbio. Alizima hita, akainua milango yote miwili mikubwa, akawakokota nje mmoja mmoja hadi kwenye gari lake, akaita ambulensi.

"Pumueni," alisema. "Hiyo gesi inayotoka hita zikiwaka haina harufu, lakini inaua. Msilale."

Alijua milango ikikaa wazi mabomba yangeganda na kupasuka, na banda lingefungwa hadi majira ya joto. Sote tungekosa kazi. Ambulensi ilipoondoka alibaki peke yake. Alifunga koki kuu, akafungua mabomba yote, kisha akashika kompresa na kupuliza kila mpira mpaka ikatoka hewa tupu. Ncha za vidole vyake viwili zilibabuka kwa baridi, na ngozi yake haijarudi vizuri hadi leo.

Bwana Kayumba alifika na kukuta banda liko wazi na theluji inaingia.

"Bon, mzee, nilisema milango ifungwe. Donc kwa nini umefungua?" aliuliza, akichanganya Kifaransa kama kawaida yake.

"Bomba likipasuka tutaweka lingine," Mzee Pantaleo alimjibu. "Kwanza piga simu hospitali, uliza wale wawili wanaendeleaje."

Bwana Kayumba alipiga. Alipoambiwa kwamba wamewekewa oksijeni na watatoka jioni, aliegemea ukuta. Halafu akavua glovu zake na kumvika mzee.

Siku ya nne pampu mpya ilifungwa. Maji yalifunguliwa polepole, sote tukasimama tukisikiliza kama kuna mahali panapovuja. Hapakuwapo. Ferdinandi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafunika uso kwa mikono. Spés alijikuta anamshukuru Mungu kwa Kirundi, lugha ambayo hakuna mwingine pale aliyeielewa, na haikuhitaji kueleweka.

Toka mwezi ule hita za gesi hazikai tena stoo, na vituo vyote vitatu vina king'ora cha kugundua gesi ile. Mzee Pantaleo amezunguka kote kufundisha jinsi ya kutoa maji katika mabomba. Bwana Kayumba ndiye aliyeomba kisa hiki kiandikwe. "Andika yote," alisema, "hata kosa yangu."

Mzee anahamia Columbus kwa binti yake Fides, penye wajukuu watatu wanaomjibu kwa Kiingereza kila anapowasemesha Kihaya. Ameahidi kuwashinda.

Baba, asante. Ferdinandi atapata mtoto mwezi wa Mei, na mwandishi wa maneno haya ameanza masomo ya jioni. Siku hizi zote tunaziishi kwa sababu ulifungua milango. Mungu akupe afya na usingizi mrefu wa asubuhi. Theluji ikianguka Jumatatu, geukia ukutani uendelee kulala. Banda tutalilinda sisi.